Kanda iliyookotwa msituni: bila ule uongo ingebaki nini?

Kibanda umiza cha mtaani kwetu Muheza kilikuwa na mabenchi sita, televisheni moja ya chogo na bati lililochemka kuanzia saa saba mchana. Kiingilio shilingi mia. Siku ile ubaoni paliandikwa kwa chaki PICHA YA KUTISHA, jina hakuna. Tukaingia tukitegemea mambo tuliyoyazoea: steringi, adui, damu, na mzimu wenye meno.

Tukapata vijana watatu wa Kizungu wanaopotea msituni, wanagombana, wanalia na kuhema. Hakuna muziki wala mzimu. Dakika ya themanini mmoja wao anaonekana amesimama kwenye kona ya chumba, uso kaupa ukuta. Kamera inaanguka, picha inakata, majina yanaanza kupanda. Kibanda kilikaa kimya kidogo, kisha benchi la nyuma likaanza: "Kanda mbovu hiyo! Rudisha hela!" Mwenye kibanda akaapa kwa jina la mama yake kwamba mkanda ni mzima, na kwamba picha ndivyo inavyoisha. Hakuna aliyemwamini. Kaka yangu, aliyekuwa amenilipia, alidai shilingi zetu mia mbili mpaka magharibi, na hakupewa.

Picha yenyewe ilikuwa The Blair Witch Project ya mwaka 1999, iliyopigwa msituni katika jimbo la Maryland, Marekani. Kaka siku hizi anapiga video za harusi na send-off, na kila tukikutana ubishi unaanzia pale pale ulipoishia. Hoja yake haijabadilika: "Umeona nini pale? Miti na makamasi." Hoja yangu mimi imebadilika mara nyingi. Nadhani sasa najua ninachokitetea, na pia nisichokitetea.

Aina hii ya filamu mimi huiita kanda ya kuokotwa. Mtazamaji anaambiwa kwamba anachokiona kilirekodiwa na wahusika wenyewe, wahusika wakapotea au wakafa, na kanda ikaja kuokotwa. Haikuanzia Maryland. Mwaka 1980 Mwitaliano Ruggero Deodato alitoa Cannibal Holocaust, yenye kanda za wapiga picha waliopotelea msitu wa Amazon. Waigizaji walikuwa wamefungwa na mkataba wasionekane kokote kwa mwaka mzima, na hila ile ikamgeukia: vyombo vya sheria vya Italia vilimshuku kuua kweli, ikabidi awatoe waigizaji wake hadharani wakiwa hai. Hata hivyo kisa cha Maryland ndicho kilichofungua mlango wa biashara, na ubishi wote unaoendelea leo kuhusu filamu hizi tayari umo ndani yake.

Daniel Myrick na Eduardo Sánchez walikutana wakisomea filamu katika Chuo Kikuu cha Central Florida. Oktoba 1997 waliwaingiza waigizaji watatu wasiojulikana, Heather Donahue, Joshua Leonard na Michael Williams, katika hifadhi ya Seneca Creek, jimbo la Maryland, wakawaacha humo siku nane. Neno kuwaacha silitumii kwa mapambo. Mpiga picha hakuwepo. Kamera walibeba waigizaji wenyewe. Mwongozo wa kisa ulikuwa wa kurasa thelathini na tano hivi na haukuwa na mazungumzo, kwa hiyo maneno waliyabuni papo hapo. Walipewa kifaa cha GPS cha kuwapeleka kituo hadi kituo, na kila kituo wakakuta kreti lenye betri, chakula na vikopo vya filamu vyenye vikaratasi vya maagizo, kila mtu na chake, mwenzake asikione. Kadiri siku zilivyokwenda chakula kilipunguzwa. Usiku watengenezaji waliwazungukia, wakavunja vijiti gizani, wakachezesha sauti za watoto kwa kinasa sauti na kulitikisa hema. Palikuwa na neno moja la dharura, "taco": mtu akilitamka, wote wanatoka kwenye uigizaji.

Walirudi na kanda za saa ishirini hivi. Filamu iliyotoka ina dakika themanini na moja.

Gharama ya kupiga picha ilikuwa makumi ya maelfu ya dola tu. Januari 1999 ikaonyeshwa usiku wa manane kwenye tamasha la filamu la Sundance, kampuni ya kusambaza filamu ya Artisan ikainunua kwa dola milioni 1.1 hivi, na kufikia mwisho wa safari yake kwenye majumba ya sinema duniani ilikuwa imeingiza karibu dola milioni 248. Hapo ndipo wapinzani wanaposhikilia: kilichouzwa kwa pesa zile si filamu, ni uongo. Na uongo ulikuwepo, tena wa kupangwa. Tangu 1998 palikuwa na tovuti yenye picha za polisi, shajara na historia ya mchawi wa Blair, yule ambaye vijana wa kwenye filamu wanamfuatilia msituni, tangu karne ya kumi na nane, yote ya kutunga. Mabango ya "wamepotea" yenye sura za waigizaji yakabandikwa na kugawiwa. Filamu ikafunguliwa na maandishi yanayosema kwamba Oktoba 1994 wanafunzi watatu walipotea kwenye msitu wa karibu na Burkittsville, na mwaka mmoja baadaye kanda zao zikapatikana. Burkittsville ni mji mdogo wa kweli, na wakazi wake waliishia kuibiwa vibao vya jina la mji na mashabiki. Mama yake Heather Donahue alitumiwa kadi za rambirambi huku mwanawe yu mzima.

Kama nguvu yote ya picha ile inatoka kwenye uongo huo, basi kaka ameshinda na tuishie hapa. Uongo hudanganya mara moja tu; leo kila mtu anajua kwamba wale vijana hawakufa.

Ila kibanda chetu kilikuwa jaribio ambalo Artisan isingeweza kulipanga. Tovuti hatukuiona; intaneti yenyewe tuliisikia kwa watu waliotoka Dar. Bango la waliopotea hakuna aliyelibandika Muheza. Maandishi ya mwanzo yalipita kwa Kiingereza wakati kaka anagombania nafasi kwenye benchi, na hakuna aliyeyasoma. Wala hapakuwa na mtu wa kututafsiria. Tuliingia bila kudanganywa, tukijua tumelipia mchezo wa kuigiza kama ilivyo michezo yote.

Na bado ilipofika ile sehemu ya hema, pale sauti za watoto zinaposikika nje usiku na hema linaanza kutikiswa, kibanda kizima kilinyamaza. Muuza karanga aliyekuwa anapita katikati ya mabenchi alisimama na sinia lake kichwani, akasahau kutembea. Wale wale waliokuja kudai hela baadaye, muda huo walikuwa wameshikana mikono. Mimi usiku ule nilikwenda chooni na kaka, na kaka hakukataa kunisindikiza. Hilo nalo huwa namkumbusha.

Kwa hiyo kitu kilikuwemo ndani ya picha yenyewe.

Kuna mahali vijana wanakurupuka kutoka kwenye hema na kukimbia gizani, taa ya kamera inarukaruka kwenye majani, na Heather anapiga kelele akiuliza kile ni kitu gani. Kamera haigeuki. Hatukioni. Watengenezaji walikuja kusimulia kwamba palikuwa na kitu kweli: mtu wao wa mapambo ya seti alisimama pale kavaa nguo nyeupe, kichwani kajivika soksi ndefu ya kike, na ilitakiwa kamera imnase. Mwenye kamera alikimbia kama mtu anayekimbia, hakugeuza. Kwenye studio yoyote hilo ni kosa la kurudiwa asubuhi. Wao hawakulirudia.

"Kwa hiyo unasifia kosa," kaka ananiambia. Ndiyo, kaka, nalisifia, kwa sababu mtu mwenye soksi kichwani angezua kicheko kwenye benchi la nyuma kabla hajamaliza sekunde mbili. Kosa lilikuwa la mpiga kamera, ila kuliacha ulikuwa uamuzi wa mezani, mbele ya saa ishirini za kanda. Kwamba ni uamuzi inaonekana kwenye mwisho pia. Watu wa Artisan hawakuridhika na yule kijana wa kwenye kona. Walitoa pesa za kupiga miisho mingine, ikapigwa. Myrick na Sánchez wakaubakiza ule mwisho wa kwanza, wakaongeza tu ushahidi wa mkazi mmoja huko mwanzoni, kwamba muuaji wa zamani wa watoto alikuwa akimsimamisha mmoja kwenye kona wakati anamuua mwingine. Asiyeusikia ushahidi ule anaona mtu anaangalia ukuta. Aliyeusikia ana dakika sabini za kuusahau, halafu unamrudia wote kwa pigo moja.

Sisi hatukuuelewa, ulikuwa kwa Kiingereza. Kwa hilo benchi la nyuma nawapa haki yao: tulinyimwa ufunguo wa mlango wa mwisho.

Kuna jambo jingine la mwisho ule ambalo sikuligundua kibandani, nimelijua ukubwani nikitazama na vifaa vya masikioni. Vijana walikuwa na kamera mbili. Moja ni ya video aina ya Hi8, ya rangi, jamaa wa zile za harusi za miaka ya tisini. Nyingine ni ya filamu ya milimita 16, nyeusi na nyeupe. Kwenye nyumba ya mwisho Mike anatangulia chini na ile ya video, inaanguka. Heather anafuata akiwa na ile ya filamu, anapiga mayowe. Sikiliza mayowe yenyewe: tunaangalia kwa macho yake, kamera iko mkononi mwake, lakini sauti yake inatoka mbali. Inakuja ikikua kadiri anavyoshuka ngazi. Sauti inanaswa na kamera ya Mike, iliyolala sakafuni kule chini. Macho yetu yanashuka naye, masikio yetu yametangulia, yanamsubiri chini pamoja na chochote kilichomo humo.

Nilipomweleza kaka hili alinyamaza. Mtu wa harusi anaijua maiki. "Maiki ilikuwa chini," alisema polepole, halafu akaongeza haraka kwamba hiyo ni bahati tu.

Inawezekana. Ila hakuna namna nyingine ya kupiga filamu ambayo ingeipata bahati hiyo. Filamu ya kawaida ina kamera isiyo ya mtu. Inapaa, inapita ukutani, inajua adui yuko wapi kabla ya steringi. Hapa kila picha ina mwenyewe, na mwenyewe anachoka, anageukia pasipotakiwa, anaanguka. Huo ndio ubora ninaoutetea, na hauhitaji mtu adanganywe kwamba ni kweli. Simulizi za majini za pwani zinafanya kazi hiyo hiyo. Kisa cha mwanamke mrembo anayepanda teksi usiku Mombasa, dereva akaja kuona ana kwato, hakuna anayekianza kwa paukwa, pakawa. Kinaanza na shahidi: dereva mwenyewe, anayemjua binamu wa mtu fulani. Msikilizaji hamwamini dereva, na bado anatazama miguu ya abiria. Kinachomshika ni kwamba kisa kinasimuliwa na mtu aliyekuwa hapo, mwenye macho mawili tu na woga wake.

Sasa makamasi. Kuelekea mwisho Heather anajigeuzia kamera usoni, kofia ya sufu imemshuka hadi karibu na macho, picha imemkata nusu ya uso, na anaomba msamaha kwa mama za wenzake kwa sababu yeye ndiye aliyeng'ang'ania waendelee. Machozi yanatoka, makamasi nayo, hafuti. Watu wameifanyia mzaha sehemu hiyo tangu 1999. Kabla yake Josh amekwisha kumwambia kwamba anaelewa kwa nini anaipenda hiyo kamera: ukiangalia kupitia kwake mambo hayaonekani kama ya kweli hasa. Swali ambalo huwa linaziua filamu hizi, kwa nini huyu mtu asiitupe kamera akimbie, hapa limejibiwa na tabia ya mtu. Kamera ndiyo ngao yake, na ndiyo kosa lake. Anapojigeuzia, ngao imeisha. Sijui ungempa leso ya kazi gani.

Heather Donahue alipewa Razzie, ile tuzo ya dhihaka, ya mwigizaji mbaya wa kike wa mwaka ule. Sijaona hukumu mbovu kama hiyo. Watu walimchukia kama msichana msumbufu waliyesafiri naye, kisha wakamwadhibu kwa kuwa hakuonekana anaigiza.

Yapo ambayo sibishi. Kizunguzungu ni cha kweli. Kwenye majumba ya sinema ya Marekani kuna waliotapika. Video ya kutikiswa ikikuzwa hadi ukubwa wa ukuta wa nyumba inamtesa mtu, na nadhani televisheni yetu ya chogo ilikuwa skrini yake halali kuliko sinema yoyote ya kifahari. Kurudia kuitazama pia hakulipi sana: theluthi ya katikati, wakizozana juu ya ramani ambayo Mike kaipiga teke mtoni, inachosha, na mara ya pili inachosha zaidi.

Na warithi wake wengi ni takataka. Hapo kaka na mimi tunapeana mkono. Walionakili waliona mtikisiko na bei, wakachukua hivyo viwili. Waliofaulu ni wale waliotafuta mwenye kamera wa aina nyingine. Oren Peli, kwenye Paranormal Activity aliyoipiga nyumbani kwake San Diego kwa dola 15,000 hivi, aliiweka kamera chumbani kwenye tripodi, kile kisimamio cha miguu mitatu, watu wamelala, haitikisiki hata kidogo. Unakaa unautazama mlango. Rec ya Uhispania, ya mwaka 2007, ilimpa kamera mtu wa kituo cha televisheni, ambaye kurekodi ndiyo kazi yake. Kinyume chake ni mwendelezo wa Blair Witch wa mwaka 2016: vijana wana vikamera vya sikioni, wana droni, kila pembe imefunikwa, na mwisho tunaonyeshwa kiumbe chenyewe. Benchi letu la nyuma lingefurahi. Mimi niliitazama usiku peke yangu, nikalala vizuri kabisa.

Hoja nzito ya kaka ilikuja mwaka jana, na haikuhusu tripodi. Aliniuliza: "Mimi nachukua nusu ya malipo kabla ya harusi. Wale waliopiga picha wenyewe, wakaigiza wenyewe, wakatunga maneno wenyewe, walilipwaje?"

Vibaya. Walilipwa ujira mdogo wa siku zile za msituni, na majina yao halisi yakatumika kama majina ya waliokufa. Filamu ilipoanza kuvuma, waliwekwa pembeni wasionekane, maana maiti haifanyi mahojiano. Baadaye, kwa njia ya kisheria, kila mmoja alipata kama dola 300,000, kwenye kitu kilichoingiza milioni 248. Heather Donahue aliachana na uigizaji, na miaka mingi baadaye akabadili jina kisheria. Sasa anaitwa Rei Hance.

Hapo ndipo ninapotenganisha kilichobaki na kilichopaswa kutupwa. Mabango, tovuti, kuzikwa kwa watu walio hai: vilijaza majumba ya sinema, sina ubishi, lakini picha haikuvihitaji, na ushahidi wangu ni muuza karanga aliyesahau kutembea. Njaa ya waigizaji ni swali gumu zaidi, kwa sababu hiyo imo ndani ya picha. Yale makamasi hayakupakwa na mtu wa vipodozi. Siwezi kuyasifia halafu nijifanye sijui yalipatikanaje, na kaka analijua hilo, ndiyo maana aliuliza.

Aprili 2024 ilitangazwa kwamba filamu mpya ya Blair Witch inaandaliwa. Waigizaji wale watatu wakaiandikia barua ya wazi kampuni ya Lionsgate, ambayo ndiyo mmiliki wa filamu hiyo sasa. Waliomba malipo ya nyuma na ya mbele sawa na ambayo wangepata kama wangekuwa na chama cha kuwatetea wakati ule. Waliomba kushauriwa kwenye mradi wowote utakaogusa majina na sura zao. Na waliomba kampuni itoe kila mwaka dola 60,000, kiasi walichokitaja kuwa bajeti ya filamu yao, kwa mtengenezaji chipukizi asiyejulikana akapige filamu yake ya kwanza.

Nilimsomea kaka barua hiyo kwenye simu. Aliposikia hizo elfu sitini aliuliza kama Mtanzania anaruhusiwa kuomba. "Msitu wa Amani si huu hapa juu? Nitakupeleka wewe, bwana mdogo, nikupunguzie ugali kila siku. Ila tripodi nabeba."